Msitu wa mvua unawezaje kuungua?

Mwishoni mwa Agosti 2019 ramani moja ilisambaa kwenye simu za watu, kuanzia Kinshasa hadi Dar es Salaam. Ilitokana na data za setilaiti za NASA, na kila palipoonekana moto paliwekwa nukta nyekundu. Wakati huo dunia nzima ilikuwa ikiitazama Amazon ikiungua, na kweli Brazil ilikuwa na nukta nyingi. Lakini Angola na kusini mwa Kongo palikuwa pekundu tupu. Hesabu iliyoambatana na ramani ilisema kwamba ndani ya siku mbili Angola ilirekodi moto 6,902, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 3,395, na Brazil 2,127. Watu wakauliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: mbona Amazon inaliliwa na Kongo haitajwi? Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa, mwenyeji wa mkutano wa G7 mjini Biarritz wiki hiyo, naye akaandika kwamba msitu unaungua pia Afrika kusini mwa Sahara.

Mwaka 2024 mjadala ulirudi kwa nguvu zaidi, kwa sababu mwaka huo moto ulikula misitu ya tropiki kuliko wakati wowote tangu setilaiti zianze kuipima kwa undani. Watu waliuliza kama moto huo ni wa asili, kama ni El Niño, kama ni wafugaji, na zaidi ya yote, inakuwaje msitu unaonyeshewa karibu mwaka mzima ushike moto. Majibu yapo. Na yanatuhusu sisi tunaozungumza Kiswahili, kwa sababu msitu wa mvua wa pili kwa ukubwa duniani uko Bonde la Kongo.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Msitu wa mvua ni ule unaopata mvua katika miezi mingi ya mwaka, miti yake haipukutishi majani yote kwa pamoja, na matawi ya juu yameshikana kiasi kwamba jua linafika chini kwa vipande vidogo tu. Misitu mikubwa ya aina hiyo iko sehemu tatu: Amazon, Bonde la Kongo, na visiwa na pwani za Kusini-Mashariki mwa Asia, hasa Indonesia. Miombo ni kitu kingine kabisa. Huo ni msitu wa wazi wa Katanga, Zambia, Angola, Tabora na Katavi, wenye nyasi chini ya miti na kiangazi cha miezi mitano au zaidi. Savana ina nyasi nyingi kuliko hapo na miti michache.

Halafu kuna ile nukta nyekundu, ambayo ndiyo chanzo cha nusu ya mkanganyiko. Kifaa kilicho kwenye setilaiti hugundua joto lisilo la kawaida ndani ya kipande cha ardhi chenye upana wa takriban kilomita moja, au mita 375 kwa vifaa vipya zaidi. Kikiliona, kinaweka nukta. Hakisemi kinachoungua ni nini. Nyasi za mbuga, mabua ya shamba, miwa inayochomwa kabla ya kuvunwa, na mti wa miaka mia tatu, vyote vinapewa alama ileile.

Sasa itazame tena Angola ya Agosti. Huo ni katikati ya kiangazi kusini mwa ikweta, na nukta zile zilikuwa karibu zote juu ya savana na miombo. Moto huo huja kila mwaka, na Afrika peke yake hubeba sehemu kubwa zaidi ya eneo lote la dunia linaloungua katika mwaka. Miti ya miombo imeishi na moto kwa muda mrefu sana: magome yake ni mazito, na hata shina likiungua, visiki huchipua. Nyasi hurudi na mvua za kwanza. Askari wa hifadhi zetu wenyewe huchoma nyasi mapema, mwezi Mei au Juni zikiwa bado na unyevu, ili moto mkali wa Septemba ukifika usikute cha kula. Sisemi kwamba moto wa miombo hauna madhara. Ukija kila mwaka na ukaja umechelewa, huua miche yote na msitu hauzai tena. Ila si jambo la ajabu, na kuulinganisha na moto wa Amazon kwa kuhesabu nukta ni kuchanganya vitu viwili. Tosi Mpanu Mpanu, aliyekuwa akiiwakilisha Kongo katika mazungumzo ya tabianchi, alilieleza hilo wiki ileile: Afrika ya kati, alisema, moto unatokana zaidi na namna watu wanavyolima.

Na kuna upande wa pili wa ramani hiyo usiosemwa sana. Nukta zinazidisha moto wa nyasi, kwa sababu huo ni wa wazi na wenye joto kali, na zinapunguza moto wa msitu wa mvua, kwa sababu huo hutambaa chini ya matawi mahali setilaiti haioni vizuri. Yaani ramani hupiga kelele pale pasipo na dharura na hukaa kimya palipo nayo.

Kwa nini kwa kawaida hauwaki

Anayepikia kuni analijua hili kuliko profesa yeyote. Ukisukuma gogo bichi jikoni, moto hutumia nguvu zake zote kulikausha kwanza. Maji hutokota na kutoa povu upande wa pili wa gogo, moshi unajaa hadi machozi yanatoka, na mwali hauji. Msitu wa mvua wenye afya ni kuni mbichi kwa mamilioni ya hekta. Chini ya miti yake hewa imejaa unyevu, upepo hauingii, na majani yaliyoanguka hubaki yameloa hata baada ya siku kadhaa bila mvua. Mkulima anaweza kuchoma shamba lake kando ya msitu kama huo, na moto ukafika kwenye mti wa kwanza ukazimika wenyewe.

Watafiti waliochimba udongo wa Amazon wamekuta chembe za mkaa wa kale, kwa hiyo moto uliwahi kupita. Lakini katika sehemu zenye mvua nyingi pengo kati ya moto mmoja na mwingine lilikuwa mamia ya miaka, na pengine zaidi ya elfu moja. Katika muda wote huo miti haikuwa na sababu ya kujijengea gome nene. Mti mkubwa wa Amazon unaweza kuwa na kipenyo cha mita moja na gome lenye unene wa milimita chache tu. Msitu huu kinga yake ni unyevu. Unyevu ukiondoka, hauna kinga nyingine.

Kwa hiyo ili msitu wa mvua uungue lazima mambo matatu yakutane: awepo mtu wa kuwasha, msitu uwe umeshatobolewa, na mvua zikose. Moja likikosekana, mara nyingi moto haufiki mbali.

Nani anawasha

Karibu kila moto wa msitu wa mvua huwashwa na binadamu. Radi zipo nyingi Amazon na Kongo, lakini huko radi huja na mvua kubwa, na cheche yake huzimwa palepale. Nchi kama Kanada, ambako radi huwasha misitu mikavu kila kiangazi, haziwezi kutufundisha mengi hapa.

Katika jimbo la Pará, Brazil, kazi inakwenda kwa mpangilio. Miti yenye mbao za thamani huondolewa kwanza. Kisha mwanzoni mwa kiangazi iliyobaki huangushwa, kwa misumeno ya mnyororo au kwa trekta mbili zinazoburuta mnyororo mzito kati yao. Magogo huachwa yakauke kwa wiki nyingi. Mwezi Agosti au Septemba huchomwa, na majivu yakipoa hupandwa nyasi za ng'ombe. Miaka michache baadaye magugu yakizidi, malisho huchomwa tena. Kwa hiyo moto wa Agosti unaoonekana angani mara nyingi ni hatua ya mwisho ya ukataji ulioanza miezi kadhaa nyuma. Ndiyo maana mwaka 2019 wataalamu walipoulizwa kuhusu moto, walijibu kwa kuzungumzia misumeno.

Mwaka huo kulikuwa na jambo la wazi zaidi. Tarehe 10 Agosti, kandokando ya barabara ya BR-163 karibu na mji wa Novo Progresso, wenye mashamba walipanga kuchoma kwa pamoja siku moja, na gazeti la mjini hapo likalitangaza jambo hilo kabla halijatokea. Ilikuja kuitwa "Siku ya Moto". Mapema mwezi huohuo serikali ya Rais Jair Bolsonaro ilikuwa imemwondoa kazini Ricardo Galvão, mkurugenzi wa INPE, taasisi ya taifa ya utafiti wa anga inayopima ukataji wa misitu, kwa sababu hakukubali kuambiwa kwamba takwimu zake ni za uongo. Nchini Bolivia, mwezi mmoja kabla, amri ya serikali ilikuwa imeruhusu uchomaji katika majimbo ya Santa Cruz na Beni. Ukisikia mtu anasema moto wa 2019 ulikuwa wa asili, mkumbushe mambo haya.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu mkulima mdogo, maana lawama humwangukia yeye haraka. Kufyeka na kuchoma kipande kidogo, kulima misimu miwili au mitatu, kisha kuhama na kuacha msitu ujirudie, ni kilimo cha kale Amazon, Kongo na Borneo. Kilidumu karne nyingi bila kuiteketeza misitu, kwa sababu msitu uliokizunguka ulikuwa umeloa na wachomaji walijua siku ya kuwasha. Kinachomponza mkulima huyo leo ni kwamba mazingira yamebadilika: moto uleule alioushika babu yake, sasa unavuka mpaka wa shamba na kuingia msituni. Hana pampu ya maji wala simu ya kikosi cha zimamoto. Kumweka kapu moja na mwenye ranchi ya hekta elfu kumi si haki, na pia hakusaidii kuzuia moto.

Mvua zinapokosa

Sisi wa Afrika Mashariki tukisikia El Niño tunafikiria mafuriko. Wengi wanakumbuka mwisho wa 1997: madaraja yaliyokatika, barabara zilizosombwa, kipindupindu. Miezi hiyohiyo Indonesia ilikuwa inaungua, na mwanzoni mwa 1998 moto ukahamia jimbo la Roraima kaskazini mwa Amazon. Ni jambo moja lenye sura mbili. Bahari ya Pasifiki ikipata joto kupita kawaida, mikondo ya hewa yenye mvua huhama. Sisi hupata ziada, na wengine hunyang'anywa. Hali ya joto ya Bahari ya Hindi nayo hufanya kitu kama hicho: mwisho wa 2019 mvua za vuli zilituzamisha huku, wakati Sumatra na Kalimantan (sehemu ya Indonesia katika kisiwa cha Borneo) zilikuwa zimefunikwa na moshi.

El Niño ya 2015 na 2016, na ile ya 2023 na 2024, zilileta ukame mkali Amazon. Lakini isibebeshwe kila kitu. Ukame wa Amazon wa 2005 na wa 2010 ulitokana kwa kiasi kikubwa na joto la Bahari ya Atlantiki ya kaskazini, ambalo huvuta mvua kuelekea juu ya ikweta. Mwaka 2023 bahari zote mbili zilikuwa na joto kwa wakati mmoja. Mto Negro katika bandari ya Manaus, unaopimwa tangu 1902, ulishuka Oktoba 2023 hadi kina ambacho hakijawahi kuandikwa, na Oktoba 2024 ukashuka zaidi ya hapo. Kwenye ziwa Tefé maji yalifika takriban nyuzi 39, na pomboo zaidi ya 150 wakafa. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walipochambua ukame huo waligundua kwamba sababu yake kubwa ilikuwa joto la dunia linalotokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi, na kwamba El Niño ilikuwa na mchango mdogo kuliko huo. Joto linafanya kazi hata pale mvua isipopungua sana, kwa sababu hewa ya moto hunyonya unyevu kutoka kwenye majani na udongo kwa kasi zaidi.

Kisha msitu wenyewe una sehemu katika mvua yake. Miaka ya 1970 mtafiti wa Brazil, Eneas Salati, alipima aina nzito na nyepesi za maji yaliyomo ndani ya mvua kutoka pwani ya Atlantiki hadi mpakani mwa Peru, na akaonyesha kwamba takriban nusu ya mvua ya Amazon ni maji yaliyotolewa na msitu wenyewe. Mawingu hutoka baharini, hunyesha, miti huyanywa maji kwa mizizi na kuyarudisha hewani kwa majani, na upepo huyasukuma kuelekea magharibi yakanyeshe tena. Ukikata msitu mashariki, unapunguza mvua magharibi. Wanaofyeka Pará wanamkausha jirani aliye kilomita elfu moja mbele.

Moto ukishaingia

Picha nyingi za "Amazon inaungua" zinaonyesha ndimi za moto zinazopanda juu kama jengo la ghorofa. Nyingi ya hizo ni za magogo yaliyokwisha katwa, au malisho. Moto wa ndani ya msitu uliosimama hauko hivyo, na watu wanaouona mara ya kwanza hushangaa. Ni mstari mwembamba wa mwali wenye kimo cha kifundo cha mguu, mahali pengine magoti, unaotambaa kwenye majani makavu. Kwa siku nzima huenda mita mia chache tu. Unaweza kuuvuka kwa kuruka. Kobe hawezi, wala mijusi, wala makinda yaliyo kwenye viota vya chini.

Kwa sababu ni wa polepole, hukaa muda mrefu kwenye shina moja, na gome jembamba halizuii joto. Mti hauanguki siku hiyo. Majani yake hubaki ya kijani kwa wiki kadhaa, na mtu akipita atasema msitu umepona. Kisha huanza kufa, midogo kwanza, mikubwa baadaye, na vifo huendelea kwa miaka. Timu ya Erika Berenguer na Jos Barlow, iliyokuwa na viwanja vya utafiti karibu na Santarém wakati wa El Niño ya 2015, ilifuatilia miti hiyo kwa zaidi ya miaka mitatu. Walikadiria kwamba katika eneo ambalo ni asilimia 1.2 tu ya Amazon ya Brazil, ukame na moto viliua miti na mitambaazi wapatao bilioni 2.5.

Kila mti mkubwa unaokufa huacha tundu juu. Jua na upepo huingia, majani ya chini hukauka kwa siku chache badala ya wiki, na nyasi ambazo hazikuwahi kuota humo huanza kusogea kutoka pembeni. Shina lililoanguka nalo huwa kuni. Kwa hiyo moto wa pili hukuta msitu ulioandaliwa, huwa mrefu na mkali kuliko wa kwanza, na huua hata miti iliyosalimika. Hapo ndipo barabara na uvunaji wa magogo vinapoingia katika hesabu, kwa sababu navyo hutoboa msitu kabla hata ya moto wa kwanza. Makadirio yaliyochapishwa 2023 yalisema hadi asilimia 38 ya msitu wa Amazon unaobaki umeshadhoofishwa kwa moto, kukatwa mbao, kukatwakatwa vipande au ukame. Kwenye ramani huo bado ni msitu, na kwa macho ya aliye kwenye ndege ni kijani.

Wapo wanaosema msitu utaota tena, kwa hiyo tusiogope. Utaota kitu, ndiyo. Lakini utafiti wa Amazon uliofuatilia misitu iliyoungua ulikuta kwamba hata baada ya miaka 31 ilikuwa na uzito wa miti pungufu kwa asilimia 25 kuliko misitu ambayo haikuungua. Na huo ni msitu uliopata bahati ya kutoungua mara ya pili.

Mwingine atakuambia Amazon ni mapafu ya dunia na hutupa asilimia 20 ya oksijeni tunayovuta. Nia ni nzuri, hesabu haiko sawa. Msitu hutoa oksijeni mchana, lakini miti yenyewe, wadudu na vijidudu vinavyoozesha majani huitumia karibu yote. Oksijeni iliyo hewani ilijikusanya kwa mamilioni mengi ya miaka, na hatutaikosa. Hatari iko upande mwingine: miti ile imeshika kaboni, na ikiungua au kuoza, hutoka kama hewa ukaa. Luciana Gatti wa INPE, aliyepima hewa kwa ndege ndogo kwa miaka tisa, alichapisha 2021 matokeo yaliyoonyesha kwamba kusini-mashariki mwa Amazon sasa hutoa hewa ukaa nyingi kuliko inayonyonya.

Ardhi inayoungua

Indonesia ina namna yake ya kuungua, na ni mbaya kuliko zote. Sehemu kubwa ya misitu ya pwani za Sumatra na Kalimantan imesimama juu ya mboji ya kinamasi, yaani mabaki ya miti na majani ambayo hayakuoza kwa sababu yalizama majini, yakarundikana kwa maelfu ya miaka hadi kina cha mita kadhaa. Ikiwa imeloa haiungui. Mwaka 1995 Rais Soeharto aliamuru hekta milioni moja za kinamasi hicho huko Kalimantan ya Kati zigeuzwe mashamba ya mpunga. Wakachimba mifereji zaidi ya kilomita 4,000. Maji yakatoka, mpunga haukustawi, na mboji ikakauka. Miaka miwili baadaye El Niño ikafika.

Moto wa mboji hushuka chini ya ardhi. Hauna mwali, una moshi tu, na huweza kuendelea kwa wiki au miezi hadi mvua ya kweli inyeshe na maji ya chini yapande. Mtu anatembea, ardhi inatitia, na mguu unaingia kwenye majivu ya moto. Mti unaanguka kwa sababu mizizi imeliwa kutoka chini. Watafiti walikadiria kwamba moto wa Indonesia wa 1997 ulitoa kaboni sawa na kati ya asilimia 13 na 40 ya ile iliyotolewa kwa mwaka na makaa, mafuta na gesi ya dunia nzima. Mwaka 2015 ukarudi. Hekta milioni 2.6 ziliungua kwa mujibu wa Benki ya Dunia, na moshi ukafunga shule hadi Singapore na Malaysia. Mingi ya moto huo iliwashwa kwenye ardhi ya mashamba ya michikichi na miti ya karatasi, au pembezoni mwake, ambako mifereji ilikuwa imechimbwa.

Nimekaa sana kwenye mboji hiyo kwa sababu Kongo nayo inayo. Mwaka 2017 Greta Dargie, Simon Lewis na Ifo Suspense wa Brazzaville walichapisha ramani ya kwanza ya kinamasi cha Cuvette Centrale, kinachogawanywa kati ya Kongo mbili. Ilionyesha mboji katika eneo la kilomita za mraba 145,500, yenye kaboni tani bilioni 30 hivi. Kwa lugha nyepesi, ni kama miaka mitatu ya uchafuzi wa viwanda, magari na mitambo yote ya dunia. Bado imeloa. Kinachoilinda ni umbali wake na barabara, na mvua. Julai 2022 serikali ya Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu vya mafuta, na baadhi yake viliangukia juu ya mboji hiyo. Kisima cha mafuta huhitaji barabara, na barabara ndani ya kinamasi huhitaji tuta na mfereji. Kalimantan imeshatuonyesha mfereji hufanya nini.

Mwaka 2024 Bonde la Kongo lilipata onyo. Kwa mujibu wa takwimu za Chuo Kikuu cha Maryland zinazochapishwa na Global Forest Watch, misitu ya kale ya tropiki iliyopotea mwaka huo ilifika hekta milioni 6.7, na kwa mara ya kwanza moto ndio uliokuwa sababu kubwa zaidi, karibu nusu ya yote. Brazil ilikuwa na sehemu kubwa, na Bolivia ilipoteza hekta milioni 1.5. Lakini Jamhuri ya Kongo, ile ya Brazzaville, upotevu uliongezeka kwa asilimia 150 katika mwaka mmoja, na asilimia 45 yake ulitokana na moto baada ya hali ya joto na ukavu usio wa kawaida. Hiyo haikuwa savana. Kongo ya Kinshasa nayo iliandika upotevu mkubwa kuliko mwaka wowote uliopimwa, ambako mashamba ya kuhamahama, mkaa wa miji inayokua na vita vya mashariki vinasukuma watu ndani ya msitu.

Kutoka Brazil kuna takwimu moja inayostahili kusomwa mara mbili. Katika mwaka wa vipimo ulioishia Julai 2024, ukataji wa misitu Amazon ulishuka kwa asilimia 30, hadi kilomita za mraba 6,288. Serikali ilifanya kazi ya kweli: doria, faini, ng'ombe kukamatwa. Na bado nukta za moto Amazon kwa mwaka 2024 zilizidi 140,000, idadi ambayo haikuonekana tangu 2007. Miaka ya nyuma ukataji ukishuka moto ulishuka nao. Safari hii umeachana nao, kwa sababu msitu uliodhoofishwa miaka ya nyuma, pamoja na ukame, vinatosha kubeba moto wa malisho hadi ndani. Na mti uliokufa ukiwa umesimama hauhesabiwi katika takwimu za ukataji.

Serikali nyingi hujibu kwa kupiga marufuku moto wote. Marufuku hiyo ina maana katika wiki za ukame mkali, ila mwaka mzima humfanya mkulima achome usiku kwa siri, bila majirani wa kumsaidia kulinda mpaka. Sheria mpya ya Brazil ya usimamizi wa moto, iliyotiwa saini Julai 2024, imechukua njia nyingine: inatambua uchomaji wa kimila wa jamii za wenyeji, inaruhusu uchomaji wa mapema kwa mpango, na inaweka vikosi vya kudumu vinavyoajiri wenyeji wa eneo husika.

Kazi ya vikosi hivyo ndani ya msitu wa mvua haihitaji ndege wala mabomba makubwa. Kwa kuwa mwali ni mfupi, njia yenye upana wa mita moja hivi, iliyofagiliwa majani kwa reki na mashine za kupuliza hadi udongo uonekane, huusimamisha. Shida ni kuifagia kabla haujafika, kwa kilomita nyingi, kwenye joto na moshi, na kisha kuirudia kesho na keshokutwa, maana majani mapya huangukia njiani na shina linalowaka huweza kuanguka ng'ambo ya pili. Kikosi kikifika siku ya kwanza au ya pili, watu kumi wanaweza kuumaliza. Kikifika wiki ya pili, hata mia hawatoshi, na hubaki kulinda nyumba na visima huku wakisubiri mvua.